MGENI NJOO, MWENYEJI APONE... LAKINI DAFTARI ANALO NANI?

Karatu bwana! Mji wenyewe umejipanga kandokando ya lami, lakini kwa kupokea wageni hauna mpinzani. Asubuhi magari ya watalii yanapandisha kwenda kreta, jioni yanateremka yamejaa vumbi. Na gari likishatoka kreta si lazima liende moja kwa moja lodge. Mengine yanakata kona, yanaingia shuleni. Wanashuka watu na makasha: miwani, viti mwendo, vifaa vya kusikia, dawa, peremende na kamera shingoni. Watoto wanaimba, mwalimu mkuu anashukuru, picha zinapigwa, na kabla chai haijapoa wageni wameshakula kona.

Sasa wewe nenda baada ya wiki mbili, uulize: "Yule mgeni aliyempima mtoto wa darasa la pili alisema nini?"

Utajibiwa: "Aaah, alisema atarudi."

Atarudi lini? Kimya. Alimwona mtoto ana nini? Kimya. Zile dawa ni za kumeza mara ngapi? "Nadhani mama yake anajua." Mama naye ukimfuata anakwambia, "Nadhani mwalimu anajua." Basi hapo ndipo penye kasheshe yetu ya leo, wapenzi wasomaji.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sawa. Lakini wahenga haohao walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Na afya ya mtoto mwenye ulemavu ni mali kuliko ng'ombe wote wa mnadani.

WAGENI TUNAWAHITAJI

Kabla hujanirushia jiwe, nisikilize. Sisemi wageni wafukuzwe. Bila watu wa kutoka nje ya shule, watoto wengi wenye mahitaji maalum wangeishia nyuma ya nyumba wakichunga kuku.

Chukua mwalimu aliyesomea elimu maalum pale chuo cha Patandi, Tengeru. Huyo anajua kumfundisha mtoto asiyeona kusoma nukta nundu, au kumfundisha kiziwi kwa lugha ya alama. Lakini mwalimu huyo si daktari wa macho. Hawezi kunyoosha mguu uliopinda, wala kupima sikio. Na shule zetu hazina mtaalamu wa mazoezi ya viungo anayekaa ofisini kama bosi akisubiri wateja. Lazima atoke mahali.

Na mahali penyewe pako. Pale Karatu kuna hospitali ya FAME, ambayo kliniki yake ilifunguliwa mwaka 2008, na kwa miaka mingi madaktari wa ubongo na mishipa ya fahamu wamekuwa wakitoka Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, mara mbili kwa mwaka, kufanya kazi pamoja na wenyeji. Ukishuka Arusha, kilomita kama 140 hivi, kuna The Plaster House, nyumba iliyoanza mwaka 2008 kwa ajili ya watoto wanaosubiri upasuaji au wanaopona baada ya upasuaji: miguu iliyopinda, mdomo sungura, makovu ya moto. Ukienda mbele zaidi mpaka Moshi, zaidi ya kilomita 200 kutoka Karatu, kuna KCMC, ambako pia wanafundishwa mafundi wa miguu ya bandia na viti mwendo, na ambako yanatengenezwa mafuta ya Kilisun ya kuwakinga na jua watu wenye ualbino.

Kwa hiyo msaada upo. Kinachowaumiza watoto ni lile pengo linalobaki gari likishaondoka. Mmoja kapima, mwingine kaleta kiti, wa tatu kaleta dawa, wa nne kaja na mazoezi yake, na hakuna hata mmoja anayejua mwenzie alifanya nini. Mtoto anakuwa kama baiskeli ya kijiweni, kila fundi anakaza nati moja na kwenda zake.

KIFAFA HAKINA LIKIZO

Tuanze na kifafa, maana hapo ndipo mchezo unapoweza kuua.

Daktari bingwa anaweza kuja mara mbili kwa mwaka. Dawa ya kifafa inamezwa kila siku. Hesabu hiyo hata aliyekimbia umande anaiweza: kuna siku mia tatu na ushee ambazo daktari hayupo na dawa inatakiwa iwepo. Nani anaisimamia?

Na si dawa ya kuchezea. Mtu akiiacha ghafla, degedege linaweza kurudi kwa nguvu kuliko mwanzo, likaja mfululizo bila kukatika, na likamtoa roho. Sasa fikiria mtoto amepewa vidonge vya mwezi mmoja kwenye bahasha isiyo na jina la dawa. Vikiisha, mama anakwenda zahanati na bahasha tupu. Mganga anamuuliza, "Alikuwa anameza nini?" Mama anajibu, "Vilikuwa vidogo, vyeupe." Jamani, vidonge vyeupe Tanzania hii viko vingapi?

Karatasi moja tu ingemwokoa yule mtoto: jina la dawa, kiasi, saa za kumeza, na pa kuipata ikiisha. Nakala moja kwa mama, nyingine shuleni, nyingine hospitali. Kwisha kazi.

Na mwalimu naye apewe somo lake kabla mgeni hajapanda gari. Mtoto akianguka darasani, ondoa vitu vya kumuumiza, weka kitu laini chini ya kichwa, mlaze kwa ubavu, angalia saa. Usimtie kijiko wala kidole mdomoni. Usimshike kwa nguvu. Ikizidi dakika tano, au likikatika na kurudi kabla hajapata fahamu, mbio hospitali. Na wale wanaosema povu la kifafa linaambukiza, waambiwe waziwazi kwamba huo ni uzushi. Haliambukizi.

KITI KIZURI, NJIA MBOVU

Haya, tuje kwenye kiti mwendo. Hiki ndicho wageni wanakipenda, maana kwenye picha kinatoka bomba.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake mwaka 2008 kuhusu viti hivi kwa nchi zenye uwezo mdogo kama yetu. Mwongozo unataja hatua 8: mtoto kuelekezwa kwenye huduma, kupimwa, kuchaguliwa kiti, kupatikana fedha na kuagizwa, kiti kuandaliwa, mtoto kukalishwa na kiti kurekebishwa, yeye na familia kufundishwa kukitumia, halafu matengenezo na kufuatilia. Umezihesabu? Kumkabidhi mtoto kiti na kupiga picha si hata hatua moja kamili.

Kiti cha hospitali cha matairi membamba kilitengenezwa kwa sakafu. Kipeleke Mang'ola kwenye mchanga, au Mbulumbulu wakati wa masika, kwenye ule udongo mwekundu unaonata kama ugali. Kinafika? Kwa njia hizo kiti kirefu cha magurudumu matatu ndicho kinachovumilia. Na kiti kikiwa kikubwa, mtoto anaelemea upande mmoja, mgongo unazidi kupinda. Mtoto wa mgongo wazi, ambaye miguu na makalio havisikii maumivu, anaweza kukaa pabaya mchana kutwa akapata kidonda bila kujua. Kidonda hicho kikiingia wadudu, ni safari nyingine ya hospitali, na wengine hawarudi.

Kwa hiyo swali la kumuuliza mwenye viti si "Vimekuja vingapi?" Muulize, "Nani atawapima watoto? Tairi likipasuka, fundi gani hapa Karatu analiweza? Mtoto akikua, kiti kinabadilishwa na nani?" Akibabaika, basi mwambie kwa adabu: asante, tusubiri tujipange.

Vifaa vya kusikia ni hadithi hiyohiyo. Betri zake ndogo zile zinaisha kwa siku chache, ikizidi sana wiki chache. Kile kipande kinachoingia sikioni nacho lazima kibadilishwe mtoto anavyokua. Bila mpango wa betri, ni hereni ya bei mbaya.

LUGHA TATU, MTOTO MMOJA

Kuna kitu wageni wengi hawakijui. Wanadhani wakipata mtu wa kugeuza Kiingereza kuwa Kiswahili, wamemaliza. Weee! Karatu mama anaweza kuwa Mwiraqw ambaye Kiswahili chake ni cha sokoni tu. Ukienda Ngorongoro, bibi anayemlea mtoto anasema Kimaasai. Huku Eyasi una Wadatoga na Wahadzabe. Maelezo yanatoka kwa daktari kwa Kiingereza, yanapita kwa kijana wa tour kwa Kiswahili, yanafika kwa bibi kwa lugha ya nyumbani. "Ameze nusu asubuhi na nusu jioni" inaweza kufika kule mwisho ikiwa "ameze asubuhi akijisikia".

Dawa ya hilo ni rahisi: mwambie bibi arudie alichoelewa kwa maneno yake mwenyewe. Akikosea, elezeni tena. Na usimfanye dada yake mtoto wa miaka kumi kuwa mkalimani wa mambo ya siri ya mwili. Hiyo si haki.

Watoto viziwi nao wana lao. Tanzania tuna Lugha ya Alama ya Tanzania, yenye alama zake. Mgeni wa kujitolea akija na alama za Marekani akawamwagia watoto kwa wiki tatu, kisha akaondoka, anamwachia mwalimu kazi ya kufumua. Kabla hajaanza aulizwe: unatumia alama za wapi?

KREDITI ZA PICHA

Hapa nitasema bila kuzunguka mbuyu. Ulemavu wa mtoto si sehemu ya safari pakeji. Huwezi kutoka kumtazama faru kreta halafu ukaja kumtazama mtoto wa watu.

Na si suala la ustaarabu peke yake, sheria ipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za watoto kuwa taarifa nyeti. Picha ya mtoto yenye jina lake, shule yake na ugonjwa wake si peremende ya kugawa. Mzazi aulizwe kwanza, aelezwe picha inakwenda wapi, na akisema hapana iwe hapana, na mtoto wake aendelee kupata huduma kama wenzie. Kumnyima mtoto matibabu kwa sababu mama kakataa picha ni ushenzi.

Jingine la usalama. Mgeni yeyote, awe na koti jeupe au kola ya kasisi, asiachwe chumbani peke yake na mtoto. Mwalimu au mzazi awepo. Mtoto asiyeweza kusema au asiyesikia ndiye anayewindwa kirahisi na watu wabaya, maana hawezi kushitaki. Mgeni mwema hatakasirika kwa sharti hilo. Akikasirika, umeshapata jibu lako.

SIKU HUDUMA IKIKATIKA

Mwenye kudhani mgeni atakuwepo milele aangalie Ngorongoro. Tangu mwaka 1983 Flying Medical Service walikuwa wakipeleka kliniki kwa ndege ndogo kwenye vijiji vya Wamaasai ambako gari linasumbuka kufika. Mwaka 2022 ndege hizo zikasimamishwa. Mwaka huohuo, kuanzia Juni, familia zikaanza kuhama kutoka hifadhi ya Ngorongoro kwenda Msomera, wilayani Handeni, mkoa wa Tanga, kwa mpango wa serikali uliozua mabishano makubwa.

Siasa yake wengine wataijadili. Mimi namwangalia mtoto. Mtoto aliyekuwa katikati ya matibabu, labda mguu umewekwa plasta, labda dawa zinapunguzwa taratibu, anaondoka mamia ya kilomita. Daktari aliyemzoea kabaki. Mwalimu aliyemzoea kabaki. Kama kumbukumbu zake zilikuwa kichwani mwa mgeni, au kwenye kompyuta ya ofisi iliyoko ng'ambo, mtoto anaanza upya kama mtoto mchanga. Kama zilikuwa kwenye daftari alilobeba mama yake, shule mpya inaendelea pale ilipoishia.

Ndiyo maana nasema daftari liwe la mtoto. Shirika linaondoka, mradi unaisha, ndege inatua isipae tena. Mtoto bado yupo.

SIKU YA TATU MPE JEMBE

Wahenga wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sasa jembe la mgeni wa shuleni ni lipi? Mwalimu, mzazi, mjumbe wa kamati ya shule, kata kipande hiki ukibandike ukutani:

KABLA HAJAJA: Aje na barua iliyopitia halmashauri. Kuna afisa elimu anayeshughulikia elimu maalum, kuna ofisi ya ustawi wa jamii. Wajue nani anakuja. Kama ni daktari, hata wa kujitolea, hata wa wiki mbili, aonyeshe kibali cha Baraza la Madaktari Tanganyika. Ungekubali fundi redio akung'oe jino? Basi.

AULIZWE MAMBO MANNE: Unafanya nini, kwa watoto gani, unarudi lini, na usiporudi nani anaendelea?

APANGIWE SIKU: Si wiki ya mitihani. Si siku ya mnada, maana wazazi hawatakuwepo. Wa Ngorongoro akumbuke geti la Lodoare lina saa zake, si duka la Mangi la kugonga dirisha usiku.

AFANYE KAZI NA MTU: Mwalimu mmoja ateuliwe kuwa mwenyeji wa wageni wote wa huduma. Akae ndani wakati mtoto anapimwa, aone zoezi linavyofanywa, alifanye yeye mbele ya mgeni. Mazoezi ya viungo ya nusu saa kwa mwaka hayanyooshi kitu. Dakika kumi kila asubuhi za mwalimu na mama ndizo zinazonyoosha.

AACHE KARATASI: Ukurasa mmoja, Kiswahili cha kawaida. Kaona nini, kafanya nini, nyumbani wafanye nini, shuleni wafanye nini, tarehe ya kurudi, simu ya kupiga. Asipoandika, chai asinywe.

ASIPORUDI: Tarehe ikipita, mwalimu mwenyeji apige simu. Kimya kikiendelea, aende halmashauri na hilo daftari mkononi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto haki ya kusoma na kupata msaada anaohitaji shuleni. Ile ni haki, haikuandikwa kwamba itategemea huruma ya mtalii.

Najua kuna mwalimu atasema, "Bwana mdogo, mimi nina darasa la watoto tele, daftari tena?" Nakuelewa, mwalimu. Lakini hebu pima: ukurasa mmoja kwa mgeni mmoja, au kila mwezi kuanza kumweleza mgeni mpya habari za mtoto yuleyule tangu siku aliyozaliwa? Daftari linakupunguzia kazi.

NA WEWE MSHIKAJI

Usifungue ukurasa wa michezo bado, nakuona. Wewe uliyemaliza shule, unaendesha gari la watalii, au uko field kwenye shirika, au unaitwa kukalimani kwa sababu Kiingereza chako kinapanda. Wewe ndiye mlango. Mara nyingi mgeni anauliza kwako, "Tunaweza kusaidia shule gani?" Usimkimbize kwenye shule yenye watoto wa kupendeza kwenye picha ili upate bakshishi. Mpeleke halmashauri kwanza. Mwambie peremende za leo hazimsaidii mtoto kama betri za mwaka mzima. Mwambie nauli ya mama kutoka Endulen kwenda kliniki Arusha na kurudi ni msaada kuliko kiti kisicho na fundi. Wengi ni watu wazuri, hawajui tu, na hakuna aliyewaambia kwa sababu kila mtu anaogopa kukosa mshiko.

Wageni wa kweli wanapenda kuulizwa. Anayekuja kwa ajili ya mtoto ataandika hiyo karatasi bila kununa, na ataacha namba yake. Anayekuja kwa ajili ya kamera atakumbuka ghafla kwamba ana ndege ya kuwahi.

Ni hayo tu kwa leo. Kama kuna mtoto wa namna hiyo nyumbani kwenu au mtaani kwenu, jioni hii muulize mama yake swali moja: "Daftari lake liko wapi?" Akikwambia hana, la kurasa arobaini ni bei chee hapo dukani. Mnunulie. Ukurasa wa kwanza andikeni pamoja.